Paka wa Kuokolewa

Swafia, uko? Sikia haya.

Leo huyu binti yangu Jana amemtia paka kwenye birika la kuhifadhia maji chooni. Kwa makusudi! Kale kapaka keupe ka hapo barazani kwetu.

Niko jikoni nakaanga viazi, nasikia paka analia, analia. Kuingia chooni, namkuta Jana amesimama juu ya kigoda, taulo begani, anamtazama tu anavyohangaika majini.

Nikapiga ukelele, "Mtoe!"

Akanijibu taratibu, "Bado, mama. Hajachoka. Wao humtoa akishachoka."

Hajachoka, Swafia. Mtoto wa miaka mitano!

Nimemtoa mimi. Yu hai, alhamdulillahi, nimemfunga kwenye leso yangu anatetemeka.

Ni zile video za kwenye simu, za watu wanaookoa paka majini. Na mimi ndiye niliyemchagulia! Za simba nilizikataa, hata wewe nikakugombeza ulipomuonyesha mwanao, nikasema zitamtia roho ngumu. Hizi nikaona zina huruma. Nilikaa naye tukazitazama pamoja, mimi machozi yanitoka, namwambia, "Waona, mwanangu, thawabu hizo."

Basi nimemuuliza, nani amekufundisha kumtia mnyama majini?

Akanitazama kama aliyeona mjinga. "Kwani paka wa kwenye simu huingia majini wenyewe?"

Wallahi, Swafia, sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa nalia.