Mkwe Wangu Ndiye Aliyenifungia Mtandao

Bi Biasha, nakuandikia nikiwa nimeelemewa, naomba unisaidie. Nina steshenari hapa Kibiti karibu na stendi, natoa kopi, naprinti, na msimu ukifika nawajazia vijana maombi ya chuo mtandaoni. Mwaka jana mume wa binti yangu Habiba alipata kazi ya kuunganishia watu intaneti ya kampuni moja ndogo, akaja kunifungia ruta, na mambo ya ukwe unayajua, yeye yuko dukani na nyundo, mimi niko uani nimejitanda khanga, tunaongea kupitia Habiba, kwa hiyo sikuuliza kasi wala mkataba wala ikikatika namwita nani, nikasema tu mwambie mumeo sawa, Mungu ambariki, karatasi nikaletewa uani nikasaini mwaka mzima.

Asubuhi haina tabu, lakini mchana kila mtu akiwa mtandaoni inazunguka tu, na mvua ikinyesha ndiyo basi tena, nami nikakaa kimya, maana mkwe nitamlalamikiaje, nimwambie apande juu ya paa kama fundi niliyemlipa?

Siku ya mwisho ya maombi alikuja binti anaitwa Zaitun, anataka uuguzi, na matokeo yake ni mazuri. Tulikaa tangu adhuhuri inazunguka, magharibi ikaingia, nikamwambia nenda nyumbani mwanangu, fomu nitaituma mimi, na Bi Biasha, haikwenda. Kesho yake akaja kuuliza nikamwambia imeenda. Majina yalipotoka hakuwemo, akajiona hafai, sasa yuko Chumbi analima mpunga na mama yake, na tukikutana gulioni ananiambia shikamoo mama kwa adabu zote, naitikia huku natamani ardhi inimeze. Sijamwambia mtu ila wewe.

Sasa mkataba unaisha, mkwe ameleta karatasi mpya kupitia Habiba, na kuna kijana Haruna anauza ya kampuni nyingine, jirani yangu wa duka la dawa anayo na anaisifia, lakini nikihama mkwe ataona nimemdharau, na Habiba ana mimba ya miezi saba, nisije nikamvunjia nyumba. Maombi yanafunguliwa wiki tatu zijazo. Nichukue ipi?

Mama Habiba, Kibiti

*

Pole sana, Mama Habiba. Majina nimeyabadilisha yote na steshenari hapo stendi si yako peke yako, kwa hiyo pumua. Nakuhurumia kweli, ila nitakugombeza kidogo.

Heshima ya ukwe naijua, nina wakwe watatu na sijala nao sahani moja hata siku moja. Lakini nani alikuambia heshima ni kununua kitu bila kukiuliza? Na mkwe wako umemwonea. Mwaka mzima anaamini kazi yake ni safi, kwa sababu mteja aliye karibu naye kuliko wote hajamwambia kwamba inakatika. Pengine ni kifaa cha juu ya paa tu kimeelekezwa vibaya.

Karatasi mpya usiisaini kwanza, wala usiirudishe. Mtafute mjomba wake Habiba, anayeweza kukaa na mkwe jamvi moja, amuulize kwa niaba yako: mbona mchana inalegea, ikikatika anakuja nani na baada ya siku ngapi, na je, inaweza kulipiwa mwezi mmoja mmoja? Haruna muulize hayo hayo wewe mwenyewe, huyo humwonei haya, na maneno yake matamu usiyameze. Kisha nenda kwa jirani wa dawa saa tisa alasiri, si asubuhi, na siku ya mvua ukiipata ni bora zaidi, uombe kutuma faili kubwa hapo hapo, na faili hilo hilo ulijaribu dukani kwako. Kampuni itakayopitisha saa hiyo ndiyo yako. Ikiwa ni ya Haruna, mjomba amweleze mkwe waziwazi kwamba duka linataka hivyo. Mwanaume atakayemsumbua mke mjamzito kwa ajili ya ruta ana matatizo mengine, na bora myajue mapema. Na yoyote utakayochukua, weka mezani simu yenye bando, maana hakuna mtandao usiokatika.

Lakini kabla ya hayo yote, Chumbi. Nenda Ijumaa hii, nenda mwenyewe, usimtume Habiba. Mkalishe Zaitun na mama yake uwaambie kwamba maombi hayakwenda na kwamba ulimdanganya. Watakukasirikia, wana haki, kaa uwasikilize mpaka wamalize. Kisha umwambie siku ya kurudi kujaza, na hiyo humtozi kitu. Tangu majina yatoke binti huyo anaamini chuo kilimkataa, kumbe hakuna hata mtu aliyesoma jina lake, na wewe peke yako ndiye unayelijua hilo.