Ruhusa ya Mazishi

Karurumo,
11 Januari 1998

Mama mpendwa,

Natumaini u mzima huko Timau na baridi imepungua. Mimi sijambo. Cucu, mama yako, anakula vizuri.

Jumatano alitoka nikikama ng'ombe. Njagi anayesaga unga poshomili alimkuta barabarani na kopo tupu. Cucu alimwambia anampelekea Ednah chai shuleni. Mama, Ednah ni wewe. Njagi alimrudisha akiwa amemshika mkono.

Daktari amesema ni Alzaima, ugonjwa wa kusahau, na hauna dawa ya kuuponya; barua yake nimeiambatisha. Mimi ananiita "msichana wa hapa". Jina lako bado analo. Tafadhali omba ruhusa uje kabla halijatoka pia.

Mwanao,
Cicily

Timau,
3 Februari

Cicily mwanangu,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa miiba ya maua.

Nilimpelekea Marete, supavaiza wetu hapa shamba la maua, barua ya daktari. Aliisoma mara mbili. Akauliza kama mama amelazwa. Nikasema hapana. Akauliza anaumwa wapi. Nikasema haumwi popote. Akaniambia ruhusa ni ya mfanyakazi akiugua, akijifungua, au akifiwa. Kusahau hakumo kwenye fomu.

Leo asubuhi nimemwambia mama amefariki. Nimepewa siku nne bila swali. Wenzangu ninaofunga nao maua wamenikumbatia. Nimewaambia wasijisumbue kuja, ni mbali.

Barua hii inatangulia na dereva, nami nafuata kesho. Ukisikia habari hiyo kwa mtu, usilie.

Mamako

Karurumo,
9 Februari

Mama mpendwa,

Natumaini ulifika salama. Asante kwa zile siku nne. Najua Cucu hakukutambua hata ulipomwosha miguu.

Jana, saa chache baada ya wewe kupanda gari, walikuja wanawake saba wa shambani kwenu, pamoja na Marete. Ilikuwa siku yao ya kupumzika. Walileta unga, majani ya chai na maua. Cucu alikuwa ameketi uani akichambua maharagwe. Mmoja wao, Mukiri, aliniuliza kaburi liko wapi ili waombe. Nikapokea unga, nikauweka chini.

Cucu akauliza, "Nani amekufa?"

"Mama yake Ednah," Mukiri akasema.

Cucu aliweka ungo chini. Akalia, Mama, kama mtu aliyefiwa kweli.

"Ednah wangu bado mdogo," akasema. "Sasa nani atamchana nywele?"

Hapo wakaelewa kwamba yeye ndiye mama yako. Mukiri alikaa chini karibu naye, akamfuta uso kwa leso yake. Marete alikwenda nyuma ya zizi akasimama huko muda mrefu. Walipoondoka, Cucu alikuwa ameshasahau kwa nini macho yake yana maji.

Nisamehe. Ilinipasa kusema kitu kabla hajauliza.

Mwanao,
Cicily

Timau,
23 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo. Usiombe msamaha, kosa si lako.

Marete aliniita ofisini. Nilikuwa nimeshakunja aproni yangu nimrudishie. Hakuipokea. Alisema hawezi kuandika kwamba nilidanganya, na hawezi kuandika ugonjwa ambao fomu haina. Kwa hivyo kwenye kitabu cha ruhusa mama yangu amezikwa, na mzazi huzikwa mara moja. Siku itakapofika kweli, sina ruhusa.

Nilimwuliza nifanye nini.

"Mwone akiwa hai," akasema. Kisha akafunga kitabu.

Mukiri na wenzake wamegawana zamu zangu za Jumapili hadi Juni. Sikuwaomba. Waliandika majina yao ubaoni nikiwa nimekwenda kunywa maji.

Nitakuja Jumapili hii. Nikifika, wewe ulale. Chai nitapika mimi.

Mamako