Mzee Githinji Ametia Sahihi

Mama Kioko,

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu hungenivumilia nikizunguka na salamu kwanza. Mzee Githinji, mwenye nyumba, ametia sahihi mbele ya wapangaji wote wa ploti yetu, na hakuna aliyemlazimisha.

Nimekaa juu ya nyumba, hapa tunapoanika nguo, jua la Kinoo linanichoma kisogo. Ni Jumapili, watu wametoka kanisani, na harufu ya chapati inapanda kutoka kila ghorofa. Tangu tukuzike kwenu Machakos nimejaribu kukuandikia mara nyingi. Naandika jina lako, nalia, nafunga kitabu. Leo nimelia pia, lakini kitabu sijafunga.

Unaikumbuka ile asubuhi ya mlango? Nilikuwa mpangaji mgeni, nashona sare za shule Dagoretti Corner, hapa simjui mtu. Mzee Githinji alikuwa amepandisha kodi mara ya pili mwaka huo, bila notisi, kwa mdomo tu pale kwenye ngazi. Nikamwambia nitalipa ile tuliyoandikiana. Kesho yake nikaamshwa na fundi akiung'oa mlango wangu. Mlango mzima! Nimesimama na leso kifuani, nalia, na mlango wangu unashuka ngazi kichwani mwa mtu.

Ndipo ukatoka nyumba ya pili, mkono mmoja kiti cha plastiki, mwingine beseni la njegere. Hatukuwa tumewahi kusalimiana. Ukaketi katikati ya kizingiti changu, ukaanza kumenya.

"Mama, toka hapo," Mzee akasema. "Kwani hii nyumba ni yangu ama ni yenu?"

"Nyumba ni yako. Lakini leo mlango ni mimi. Ukitaka kuingia, nibebe."

Mzee akakutazama kutoka juu mpaka chini, akauona huo mwili wako wote, nami na machozi yangu nikaangua kicheko. Ulikaa hapo mpaka saa kumi. Njegere zikaisha, ukanituma nikuletee mchele uchague. Mlango ukarudi na fundi yuleyule, na kabla hajamaliza kuufunga ulikuwa umeshampakulia chakula.

Tukaanza mikutano hapa juu, tukiinama chini ya shuka za watu. Mtu akija kulalamika ulikuwa unamkatiza: "Usiniletee machozi, niletee risiti." Mimi nilidhani ni ukali. Baadaye ndio nikaona kwamba ukitaka mtu aache kuogopa, mpe kitu cha kushika mkononi. Na siku ile tulipoandamana mjini kudai sheria ya kodi! Ulivaa viatu vya harusi ya Kioko, vikakubana, ukavivua katikati ya barabara na kuendelea kuimba pekupeku. Polisi mmoja alikubebea kimoja.

Halafu ukaondoka. Presha, wiki mbili tu kabla ya kesi yetu dhidi ya Mzee, ile ya kodi, kusikizwa mjini. Nitakwambia ukweli, nilikukasirikia. Watu walinichagua mwenyekiti nikiwa bado na macho mekundu, mimi ambaye nikiagiza chai hotelini narudia mara tatu ndio nisikike.

Siku ya kesi nilikuwa na hotuba ya kurasa nne. Nikasimama na karatasi zangu, sikuona hata herufi moja. Nikaziweka chini. Nikasimulia tu ile asubuhi ya mlango. Nilipofika kwa "nibebe," mama aliyekuwa akisikiza kesi akajifanya anakohoa. Halafu nikasikia mtu anacheka nyuma yangu, kicheko kikubwa, cha mzee. Ni Githinji! Amevua kofia, anacheka mpaka anafuta macho, na mwishowe anafuta macho bila kucheka.

Akaomba kusema. "Huyo mama amenisumbua miaka sita," akasema. "Sasa nikipanda ngazi hakuna mtu wa kunigombeza. Andikeni hiyo maneno, nitatia sahihi."

Tukaandika. Kodi isipande zaidi ya mara moja kwa mwaka, na si kabla ya notisi ya maandishi na kikao na sisi. Mlango wa mtu usiguswe. Tulipotoka wanawake walipiga vigelegele mpaka askari wa pale akatusihi tukashangilie nje. Tukashangilia nje. Watu wa mjini wakadhani ni harusi, wengine wakauliza bibi harusi yuko wapi, nao wakaimba.

Sisemi kwamba kila kitu ni sawa. Mzee hajawa malaika, juzi tu tumegombana kuhusu maji. Na ile sheria bado inajadiliwa, kwa hivyo kinachotulinda sisi hakimlindi wa ploti ya pili. Lakini wapangaji wa kwingine wanakuja kwetu, Mama Kioko! Hata mama mmoja wa Spring Valley, mwenye geti linalojifungua lenyewe, amenipigia simu. Naye kapandishiwa kodi bila notisi. Nilicheka nikakaa chini. Nimemwambia alete risiti.

Nyumba yako imepata mpangaji, nesi kijana. Aliitisha mkataba kabla hata ya kuuliza kama kuna stima. Ungempenda.

Jumamosi nakwenda kukutana na wapangaji wa zile nyumba zilizo juu ya duka ninaposhonea. Wameambiwa wahame wote. Wanaogopa, hata mimi naogopa kidogo, lakini nitakwenda, na wiki inayofuata nitakwenda tena, mpaka wajifunze kukutana bila mimi. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Na wakiniuliza ni nani amenituma, nitawaambia jina lako, lote, na kwenu.

Pumzika, jirani. Naitwa huko chini, chapati zimeiva.

Wako,
Njeri