Soko la Albamu ya Didace

Jumatano, 18 Juni 2025

Albamu imefika! Polycarpe wa bendi yetu kaja nayo kwa basi kutoka Mwanza, kaipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Boksi zima la flashi, kila moja ina picha ya mume wangu. Mafiga Band. Bado Tupo. Didace kalipokea lile boksi, kakaa nalo kitandani. Akasema, Mama Laurence, hebu soma jina. Nikasoma. Akasema soma tena.

Ndilo shamba la Mwese hilo sasa — limeingia kwenye boksi. Ndugu zake hawamsalimii tangu aliuze. Nilisema mimi, nikasema mpaka nikachoka. Nani anatoa albamu akiwa na mvi mpaka kwenye nyusi? Wao wanaita roki. Kule Mwese tulikuwa tunaita muziki wa kelele. Na mimi ndiye nilikuwa naimba kiitikio, nisijifanye sijui.

Tangu arudi kutoka studio anakohoa. Daktari kasema mapafu, apumzike, asiimbe. Chakula anakionja tu. Kinachomwamsha asubuhi ni hii albamu, basi. Ikidoda nitabaki na gitaa na godoro.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeenda sokoni kwa Naseeb. Ana kibanda cha kujaza watu nyimbo kwenye simu na flashi, mji mzima unapita kwake. Shikamoo mama, marahaba, karibu mama. Kijana ana adabu. Kasikiliza wimbo mmoja — nusu! — huku anachati.

Kasema ngoma kali, ila soko gumu. Wanaoipenda roki ya wazee simu zao ni za batani, memori kadi zimejaa kwaya. Wenye nafasi kwenye simu wanataka singeli. Halafu eti, mama usinielewe vibaya, msanii mzee anauza akishafariki. Akiwa hai watu wanamwona sokoni ananunua dagaa, hawana haraka naye.

Nikamwambia mdomo wako uoze. Kacheka! Kachukua flashi chache akazipanga mbele, nyuma ya chaja. Kwa heshima yako mama, kasema.

Nyumbani Didace kauliza, leo nani ameiulizia albamu? Nikasema mtu mmoja wa Kabungu, mwenye baiskeli. Sijui nimeitoa wapi hiyo baiskeli.

Alhamisi, 26 Juni

Redio. Tumengoja kwenye benchi mimi na Polycarpe, yeye kavaa tai. Polycarpe anapiga gitaa la besi tangu tukiwa vijana, na siku hizi kajipa na umeneja, hakuna aliyemchagua. Mtangazaji katoka, mtoto mdogo, kasema atatuweka kwenye kipindi cha zilipendwa.

Nikamuuliza, mwanangu, wimbo uliorekodiwa mwaka huu unakuwaje zilipendwa? Kafikiri. Kasema mama, sauti yake ni ya zamani.

Polycarpe kanikanyaga mguu ninyamaze. Sikunyamaza. Basi hata hiyo zilipendwa hatukupigiwa.

Jumatatu, 30 Juni

Polycarpe karudi kutoka Inyonga kuuza. Enzi zetu kila albamu tuliizindua kule, msimu wa tumbaku, wakulima wameshalipwa. Watu walikuwa wanacheza mpaka soli zinabanduka! Kaondoka na boksi limejaa, karudi nalo limejaa. Nikamuuliza, kwani Inyonga kuna msiba? Kasema hapana shemeji, wameipenda sana.

Kuipenda vipi sasa?

Ndipo kaeleza. Kafungulia wimbo chini ya mti pale stendi. Watu wakaja, wakatikisa vichwa, wakasema safi sana mzee. Mmoja akatoa simu: nirushie basi. Na Polycarpe — Mana yanje, Mungu wangu! — akamrushia. Akaja wa pili. Wa tatu. Kakaa pale mchana kutwa anarusha albamu nzima, bure, mpaka simu ikazima. Eti aliona aibu kuonekana mchoyo.

Nilitaka kumpiga na mwiko. Na ndivyo tulivyo, hiyo ndiyo shida. Mtu wa kwetu akiombwa kitu mbele za watu hawezi kusema kinauzwa. Mimi mwenyewe ningerusha.

Didace kauliza, Inyonga wamesemaje? Nikasema wameimaliza yote. Alitabasamu, akalala bila kikohozi kama saa nzima hivi.

Ijumaa, 4 Julai

Ukumbi wa uzinduzi tumenyang'anywa, wamepewa watu wa harusi. Didace kasema si kitu, tuzindue hapa uani. Hapa? Kwenye kuku na kamba za nguo? Kasema ndiyo, hapahapa, Jumapili ya tarehe kumi na tatu, saa nane mchana. Atakaa kwenye kiti, ataimba taratibu.

Mguu wake nimeufunika kwa shuka asubuhi. Umekuwa mwembamba! Nimetoka nje nikalia nyuma ya choo, nikajifuta, nikarudi kukoroga uji. Kanywa vijiko viwili tu.

Sitaki utajiri mimi. Nataka watu hamsini waje wakae uani kwangu wamsikilize. Waje tu, hata wasiponunua.

Alhamisi, 10 Julai

Polycarpe kakodi gari la matangazo. Pikapu ile nyeupe yenye spika juu, hiyohiyo inayotutangazia misiba. Nikasema tafuta lingine. Kasema Mpanda hii lingine liko wapi shemeji?

Wamefunga picha kubwa ya Didace mbele ya gari. Wimbo waliochagua ndio ule wa polepole, aliomtungia mama yake. Gitaa linalia lenyewe mwanzo mpaka mwisho.

Limepita mtaani kwetu saa nne. Nilikuwa napepeta mchele. Yule mtangazaji wa gari ana sauti moja tu, ya miaka yote, ile ya kushuka mwishoni. "Mzee wetu Didace... wa Mafiga Band... Jumapili saa nane mchana... nyumbani kwake... nyote mnakaribishwa..." Halafu gitaa likalia.

Ungo uliniponyoka. Mimi mwenyewe niliyemwacha ndani anakunywa uji! Nilikimbia chumbani kumwangalia.

Kaniuliza, mbona unahema?

Ijumaa, 11 Julai

Yebaba we!

Asubuhi nafungua mlango, Annonciata yuko uani. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, kafunga kanga kiunoni, kichwani debe la unga. Nyuma yake wamama na kuni, maharage, masufuria. Kanikumbatia kabla sijasema neno. Pole mama. Pole sana. Bwana ametoa.

Nikasema nani kafa?

Wakatazamana.

Nikasema kwa sauti, Didace yuko hai! Yuko ndani! Ilikuwa tangazo la albamu! Annonciata kanishika mkono, kaongea kwa upole kama na mgonjwa. Eti mama usijilaumu. Hata mimi marehemu mume wangu nilimwona wiki nzima ananidai chai. Halafu kawageukia wenzake: tandikeni mkeka, uchungu umemzidi.

Nimejichomoa, nimekimbilia ndani kumtoa. Didace kakaa kitandani, redio ndogo sikioni. Kaweka kidole mdomoni. Ni yule mtangazaji mtoto. Kasema — kwa majonzi! — kwamba Katavi imempoteza mwamba. Na akaupiga wimbo. Wote. Akaupiga na wa pili.

Nikasema Baba Laurence, inuka utoke nje.

Kasema, ngoja wa tatu.

Jumamosi, 12 Julai

Sijui niandikeje siku hii.

Wanaume wamefunga turubai. Wamewasha moto. Laurence kapiga kutoka Dar analia mpaka sauti imekwisha, nimempa baba yake simu aongee naye kwa kunong'ona chini ya shuka. Huyo mtoto katutukana wote wawili, na ana haki.

Polycarpe kaja anang'aa kama sufuria jipya. Kwa Naseeb kuna foleni mpaka kwa wauza samaki. Boksi limekwisha, Naseeb anajaza kwenye simu za watu na wanalipa bila kuomba punguzo. Inyonga waliorushiwa bure wanapiga simu, wanaona aibu, wanataka kulipa! Nikamuuliza, wewe umewaambia nini watu? Kasema shemeji, mimi sijasema kafa. Ila sijasema hajafa.

Kasema tukae hivi mpaka Jumatatu tu. Albamu ikishashika, Didace anatokea, watu wanashangaa, inakuwa kiki.

Kiki! Nikamwambia Polycarpe, huo ni uchuro. Unacheza na kifo cha mwenzio. Kainama. Kisha kasema pole pole, lakini shemeji, leo si amekula?

Amekula. Hilo ndilo linaloniua. Sahani nzima ya ugali na maharage ya msiba wake mwenyewe, akaomba na mchuzi. Anawachungulia kwenye tundu la pazia. Yule kaja! Na yule, hajanisalimu tangu tugombane! Ndugu zake wa Mwese wamefika, wote, wamekaa mbele. Mkubwa wao analia kwa sauti kwamba shamba si kitu. Didace kajifuta macho kwa ncha ya shuka. Kaniuliza, leo nani ameiulizia albamu?

Mji mzima, nikasema. Mara hii sikudanganya.

Nimemwomba mara tatu atoke. Nimemwambia hata mimi nimechoka kupewa pole. Kasema, Mama Laurence, hawajawahi kunisikiliza hivi. Niache kidogo.

Jioni Callixte, mpiga ngoma wetu, kapiga simu. Yeye anajua ukweli, Polycarpe kamwambia. Vijana wa mtaa wameshamaliza kuchimba kaburi. Aliwakuta wanajifuta udongo, akashindwa kusema.

Kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Wazee wanazika hata mgomba, ilimradi kitu kiingie, maana likikaa wazi linamtafuta mtu. Nimemwambia Didace. Nilidhani ataruka kitandani. Kavuta shuka mpaka kifuani. Halafu kakohoa, kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na damu kwenye kitambaa.

Jumapili, 13 Julai

Saa saba. Naandika chumbani, nimekaa chini, mgongo kwenye mlango ili asiingie mtu.

Uani hapapitiki. Watu wamefika mpaka barabarani, wengine wako juu ya ukuta wa jirani. Hamsini nilioomba! Ni mamia. Naseeb kaleta spika zake bila kuombwa. Yule mtoto wa redio yupo na kinasa sauti. Padri anatarajiwa saa nane.

Nimejaribu tena asubuhi. Nimepanda kwenye stuli nikapiga kelele, jamani, mume wangu hajafa, nyie ni watu wazima, nisikilizeni! Wamama wameanza kulia kwa nguvu zaidi. Annonciata kanishusha, kanifunga kanga kichwani, kanikalisha. Mfiwa hasimami, mama. Nimetoroka kwa kusingizia choo.

Polycarpe naye kaogopa sasa. Hajui atawaambiaje ndugu wa Mwese, wamekuja na mapanga ya kukatia mti wa msalaba. Katuma ujumbe: shemeji mtoe tu. Leo ndiyo anasema mtoe!

Didace nimemvalisha suti yake nyeusi ya jukwaani. Imempwaya, nimeikaza kwa pini mgongoni. Nimemfunga viatu. Kakubali. Kweli kakubali! Kasema twende, nishike mkono, nitasema nisameheni na nitaimba ule wa mama. Kachukua na gitaa.

Tumefika mlangoni. Nimeshika komeo.

Nje wakaanza kuimba. Wimbo ule wa mama yake. Bila spika. Wamama wamechukua kiitikio changu, wanaume sauti ya chini, na wanayajua maneno yote. Yote! Walijifunza lini? Ndugu zake wanaimba. Sijawahi kusikia wimbo wetu ukiwa mkubwa hivyo, hata Inyonga, hata enzi zile.

Didace kaniondolea mkono kwenye komeo.

Nikitoka wataacha kuimba, kasema.

Nikasema watafurahi, mjinga wewe! Watakuona! Katikisa kichwa. Kasema watafurahi leo. Kesho nitakuwa sokoni nanunua dagaa.

Baba Laurence, kaburi liko wazi.

Najua.

Kakaa kwenye ukingo wa kitanda na suti yake, gitaa mapajani. Uso una rangi ya majivu, lakini macho! Vidole vinafuata nyuzi bila kuzigusa. Damu iko tena kwenye kitambaa, amekikunja nisiione. Nimelia mbele yake, sikujificha. Nimemwambia mimi sitaki mwamba, nataka wewe. Kasema sawa. Sawa, Mama Laurence. Wimbo ukiisha nitatoka, nakuahidi.

Annonciata anagonga. Padri amefika. Anauliza kama mwili uko tayari.

Nimesema subirini.

Wimbo umeisha. Didace kasimama, kweli kasimama, kashika komeo mwenyewe.

Wameuanza tena. Karudi kukaa.