Maji au Supu ya Dengu

Jumapili, 14 Januari 1951

Jina langu limesomwa kanisani! Padre Egidio alikohoa, akasoma: Berardo wa marehemu Gaetano na Ersilia wa marehemu Loreto wanakusudia kufunga ndoa, mwenye kujua kizuizi chochote aseme. Hiyo ni mara ya kwanza. Bado Jumapili mbili.

Nilitazama viatu vyangu nikaona si vyangu tena, ni vya bibi arusi fulani. Berardo alikuwa upande wa wanaume. Nilimjua kwa kikohozi tu, kile alichopewa na makaa ya mawe ya Ubelgiji.

Harusi Jumamosi tarehe tatu Februari. Jumatano inayofuata ni ya Majivu, na Kwaresima haina harusi. Alhamisi treni yake inaondoka, na mgodi haumngoji mtu. Nikiwa mke wake nitapanda naye. Nisipokuwa mke, nitabaki hapa mlimani na lesi ninazofuma mpaka mkataba wake uishe, miaka mitano. Sitaki hata kuufikiria muda huo.

Mama alipika ugali wa mahindi na soseji, akanipa kubwa.

Jumatano, 17 Januari

Moto wa sikukuu ya Mtakatifu Antoni uwanjani. Moshi ulikuwa unapanda taratibu, theluji inashuka taratibu, vinakutana juu ya paa la kanisa. Nilisimama nikivitazama mpaka nikasahau nimesimama wapi. Berardo alinitia njugu za moto mfukoni. Mpaka sasa mfuko una joto — au najidanganya.

Jumapili, 21 Januari

Mungu wangu.

Mara ya pili leo. Padre amesoma majina, kanisa kimya. Halafu Bi Nunzia! Mkunga mzee, haji kanisani tangu vuli kwa sababu ya miguu, leo kaletwa na mkwewe, kakaa mbele kabisa. Hasikii vizuri, kwa hiyo anaponong'ona kijiji kizima kinasikia. Akamwuliza mkwewe, Berardo yupi? Wa Gaetano? Kisha kwa furaha kabisa: "Si ndiye aliyembatiza!"

Watu wakacheka. Padre Egidio hakucheka. Alifunga kitabu akasema Berardo na Ersilia waje sakristia baada ya misa.

Hadithi naijua tangu utotoni, ila sikuijua yote. Nilizaliwa pacha, usiku wa theluji hadi madirishani. Sabatino alitoka kwanza, mimi nikafuata, wote wawili bluu. Padre wa wakati ule alikuwa kijiji cha pili, njia imefungwa. Bi Nunzia mikono yake yote ilikuwa inazuia damu ya Mama. Mtoto wa jirani alikuwa amekuja kuleta kuni, mtumishi wa altare, umri miaka kumi na mmoja. Bi Nunzia akampigia kelele: maneno si unayajua? Batiza hao! Akachota, akamwaga, akasema maneno. Sabatino alikufa kabla hakujakucha. Mimi nikalia.

Nilijua ni mtoto wa jirani. Hakuna aliyewahi kuniambia ni mtoto gani.

Jumatatu, 22 Januari

Padre ana kitabu kimoja chekundu cha sheria za Kanisa. Kuna kanuni ya kila kitu humo, ya kengele, ya mishumaa, ya ndevu za mapadre. Nilimwuliza kama ipo ya ndoto. Akasema haipo, kisha akafungua kuhakikisha.

Yangu ipo. Anayebatiza anakuwa baba wa kiroho wa aliyebatizwa. Baba hamwoi mwanawe. Basi!

Berardo alikuwa amekaa ameshika kofia. Alisema, Padre, mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, hata sauti ilikuwa haijavunjika. Padre akasema sheria haiulizi sauti.

Si mwisho wa dunia, alisema. Kizuizi hiki kinaondolewa. Lakini Askofu wetu ni mwoga, kila kitu anatuma Roma, na Roma haina haraka. Jibu labda baada ya Pasaka.

Baada ya Pasaka Berardo atakuwa chini ya ardhi ya Ubelgiji.

Alhamisi, 25 Januari

Kijiji kimepata la kusema. Kwenye bomba la maji leo: "Ersilia, mchumba ukimwona utampa busu au shikamoo?" Na Concezia, ambaye hajacheka tangu vita: "Utaokoa mahari, mwenzetu, baba anakuoa mwenyewe!" Nimecheka nao. Nimefika nyumbani nimelia ndani ya ndoo.

Padre anaandaa ombi la Roma. Lazima kuwe na sababu, na sababu zimeshapangwa. Moja ni udogo wa mahali: kijiji hiki hakina wanaume wa kutosha. Kweli tupu. Ya pili ni bibi arusi kupita umri. Umri gani, Padre? Akageuka mwekundu. Miaka ishirini na minne.

Nina ishirini na saba karibu. Kumbe huko Roma kuna jina langu kwa Kilatini tangu kabla sijazaliwa! Nilitaka kukasirika, nikajikuta nawaza — mtu fulani, karne fulani, alikaa dirishani akamfikiria mwanamke kama mimi, akamhurumia, akamtungia neno.

Jumamosi, 27 Januari

Padre alikuja jioni, hata theluji hajapangusa. Ana swali. Yale maji yalitoka wapi?

Tumekwenda wote kwa Bi Nunzia. Padre akapiga kelele sikioni mwake. Maji? Kwenye chungu, motoni. Kulikuwa na nini ndani ya chungu? Bi Nunzia akafikiri. "Nyumba ya mzazi, Padre, mkesha wa Jumapili. Kulikuwa na nini? Si dengu!"

Padre akakaa. Akatueleza polepole, kama anatafuta njia gizani. Ubatizo ni wa maji. Mvinyo, hapana. Maziwa, hapana. Supu — hapo wanachuoni wamebishana. Nyepesi kama maji, pengine. Nzito yenye mafuta, hapana kabisa. Ikiwa yalikuwa maji, Berardo ni baba yangu wa kiroho na tunangoja Roma. Ikiwa ilikuwa supu nzito, sikubatizwa. Padre wa zamani alinipaka mafuta tu na kuniombea, hakunimwagia maji tena kwa sababu mkunga alisema tayari. Basi hakuna baba, hakuna kizuizi. Atanibatiza Ijumaa, atanioza Jumamosi.

Nikasema: yaani nikiwa Mkristo siolewi, nikiwa mpagani naolewa?

Padre alicheka hadi akafuta machozi. Berardo pia. Mimi pia, nilikuwa kama nimenyanyuliwa sakafuni. Supu! Iwe supu, nzito, ya kusimamisha kijiko!

Mama alikuwa mlangoni. Aliuliza: "Na Sabatino?"

Kicheko kikakatika. Alichotewa kwenye chungu kile kile. Amelala kwenye pembe ya malaika, ya watoto wachanga, ndani ya ukuta wa makaburi. Ambao hawakubatizwa wako nje ya ukuta, kwenye upupu, na mbinguni hawaingii, wanakaa pale pengine, pasipo mateso wala Mungu.

Padre alimwambia Mama, Donata, nikiwa hai hakuna atakayeligusa kaburi lile.

"Sikuuliza kaburi," Mama alisema. "Nimeuliza mtoto."



Jumapili, 28 Januari

Majina hayakusomwa; Padre anasema mara ya tatu inaweza kusamehewa. Mama hakula. Alikwenda makaburini na theluji yote hii, nikamfuata kwa mbali. Alikuwa anafuta theluji juu ya kijiwe kwa kiganja, kama anayefuta uso.

Usiku nimeota niko nje ya ukuta, upande wa upupu, mtoto mdogo kakaa juu ya ukuta anatikisa miguu. Nilimwuliza uko upande gani? Akasema, kaa nifikiri.

Vilabuni wanawekeana dau la mvinyo. Wa maji, wa supu. Wa supu wanazidi.

Jumanne, 30 Januari

Tumeitwa kwa Askofu, Alhamisi. Monsinyori, hakimu wa Kanisa, atamhoji Berardo, mkono juu ya Injili. Ni yeye tu aliyeshika upawa.

Leo tulitembea mpaka kwenye zizi la kondoo. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona kijiji wala miguu yangu, tulikuwa sauti mbili tu. Nikamwuliza. Wewe unajua?

Nilidhani amenipotea ukunguni. Kisha kidole chake kikagusa paji la uso wangu, juu ya nyusi ya kushoto.

"Dengu moja ilikung'ang'ania hapa," alisema. "Niliibandua." Akasita. "Nikaila. Nilikuwa na njaa, Ersilia."

Nilicheka, kisha nikalia, kisha sikujua nafanya lipi. Aliyenibatiza alinilia dengu usoni! Nampenda. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nampenda mtu huyu mpaka meno yananiuma.

Anasema hajawahi kumwambia mtu. Alidhani ni dhambi yake ya ulafi, akaiungama akiwa na miaka kumi na miwili. Padre yule wa zamani hakumwuliza dengu gani.

Sasa anaogopa. Akisema kweli, ananipata Jumamosi na anamfukuza Sabatino mbele ya Mama. Akisema maji, ameapa uongo juu ya Injili, na mimi nabaki sijabatizwa huku nikijua. "Nifanye nini?" aliniuliza. Mwanaume wa miaka thelathini na minane aliyefukiwa mgodini mara mbili — sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa kuni.

Nilimfunga skafu vizuri tu.

Alhamisi, 1 Februari

Ukumbi wa nje kwa Askofu. Benchi la mbao, ukuta umejaa picha za maaskofu waliokufa, wote wananitazama. Naandika ili nisiwatazame.

Tulishuka na lori la maziwa. Mama alisema anakuja, akapanda mbele, hakuna aliyethubutu kumkataza. Theluji ilikuwa inapita dirishani kama ndoto niliyokwisha kuiota, nikasinzia begani kwa Mama, nikasahau tunakwenda wapi.

Berardo ameitwa. Kabla ya kuingia alinitazama mimi, kisha Mama, akavua kofia. Mlango haukufunga sawasawa. Nasikia sauti ya Monsinyori, si kali, ni ya mtu mwenye mafua. Jina. Jina la baba. Mwaka wa kuzaliwa. Weka mkono hapa, mwanangu. Unafahamu uzito wa kiapo?

Anafahamu, anasema.

Hapo Mama akaongea. Bila kunigeukia, anatazama picha za maaskofu.

Maji ya moto yalikuwa kwenye beseni, kasema. Bi Nunzia alikuwa ameyaweka nyuma ya mlango. Kwenye chungu kulikuwa na dengu, nilizipika mwenyewe, na mafuta ya nguruwe. Nilikuwa nimelala nimegeukia jiko. Nilimwona mtoto anachota. Nilitaka kusema, siyo humo! Sauti haikutoka.

Nikamwuliza, Mama, ulijua? Siku zote?

Siku zote.

Na padre alipokuja, kwa nini hukumwambia, anibatize upya?

Alipokuja, njia ilikuwa imefunguka, kasema, na Sabatino alikuwa ameshazikwa ndani ya ukuta. Ningesema, wangemtoa. Wewe ulikuwa hai, unanyonya. Nilijiambia, huyu wa kwangu ana muda. Nitasema kesho. Ukakua. Ukapokea Komunyo ya kwanza umevaa lesi, mimi nalia, watu wakasema tazama Donata anavyofurahi.

Nilimtazama. Mama yangu. Kila homa niliyougua alikesha ananishika mkono, nikadhani mama wote wako hivyo. Kumbe alikuwa anahesabu. Nikifa, nakufa nje ya ukuta — na yeye ndiye aliyeniacha nje. Nina hasira. Nina hasira sana, na wakati huo huo nataka kumlaza mapajani kwangu.

Ndani Monsinyori anauliza: kioevu hicho, kwa kumbukumbu yako, kilikuwa maji, au kilikuwa kitu kingine?

Berardo hajibu.

Monsinyori anapiga chafya. Anauliza tena, polepole zaidi.

Mama ameinuka. Kajifunga shali, kanyoosha sketi, ile nyeusi ya misiba. Anasema: mtoto yule asibebe peke yake, alibeba usiku ule inatosha. Naingia mimi. Nitasema chungu kilikuwa na nini.

Nikasema, Mama, na Sabatino?

Alikaza fundo la shali.

Yuko hatua moja kutoka mlangoni. Nimeshika ncha ya shali yake. Naandika kwa mkono mmoja, daftari linateleza gotini. Berardo bado kimya. Mama amegeuza kichwa, ananitazama, havuti, anangoja nimwachie, na mimi nafungua vidole.