Komba Akiganda

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimecheza laivu mtandaoni vizuri kuliko siku zote, na watazamaji wakanikimbia. Gemu la ngumi, mpinzani moto wa kuotea mbali, nikambana kwenye kona mpaka akasalimu amri. Hakunigusa! Kutupia jicho komenti, wanauliza: Komba amelala? Mtandao umekata?

Shida ni uso wangu. Kamera inausoma, na Komba, katuni ninayojificha nyuma yake, anaiga ninachofanya. Nikikazana kucheza, uso unakuwa mkavu. Basi na yeye, na mimacho yake yote ile, anaganda kama picha ya kitambulisho.

Meneja kapiga simu. Eti watu hawaji kuniona nikishinda, wanakuja kumwona Komba akichapwa na kupiga mayowe. Nipunguze ufundi, niongeze vituko. Nikasema sawa, bosi. Kisha nikatupa mto ukutani.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya kutabasamu huku nacheza. Mashavu yanauma! Nikicheka, vidole vinachelewa. Vidole vikiwahi, sicheki. Mwisho nikajiachia nichapwe, nikapiga mayowe, na mioyo ikajaa skrini nzima. Wananipenda. Wanampenda Komba, yaani.

Nikazima mitambo. Kimya — feni tu. Nikajiona mpweke kweli. Tangu asubuhi sijaongea na mtu anayejua jina langu.

Alhamisi, 6 Machi

Dada kapiga, hatimaye! Nikamlaumu kwa kupotea. Akashangaa: "Mdogo wangu, mimi nikikukumbuka nafungua simu, nakuona unavyocheka. Nasema huyu yuko sawa, nisimsumbue."

Nilitaka kumwambia yule si mimi. Badala yake nikauliza watoto hawajambo. Mjinga mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho mashindano ya wachezaji wa gemu wanaojificha nyuma ya katuni kama mimi, laivu. Meneja ameagiza nitolewe mapema, ila kwa kuchekesha. Sitaki. Mara moja tu, waone kwamba najua!

Jumamosi, 8 Machi

Niko fainali! Ni mapumziko, naandika haraka haraka.

Nusu fainali nimecheza na uso wangu mwenyewe. Komba akaganda. Nikaona watazamaji wanapungua, nikakaza roho. Nikashinda kwa pigo ambalo nimelifanyia mazoezi tangu mwaka jana, pigo ambalo hata mtangazaji alilipigia kelele. Nikasubiri mtazamaji mmoja aliseme. Mmoja tu. Wapi! Wanaandika tu: kamera yako mbovu. Turudishie Komba wetu.

Nikazima maikrofoni nilie kidogo. Kamera nikaisahau.

Nimelia kwelikweli — mdomo wazi, macho nimefumba, mabega yanaruka. Kufumbua macho, Komba anacheka! Kamera haijui machozi. Mdomo wazi, macho yamefumba, kwake hicho ni kicheko. Anacheka mpaka masikio yanapepea. Na watu wanarudi, wengi kuliko mwanzo. Huyo sasa! Komba anajua na anafurahisha, wanasema. Meneja kaandika: umeipata dawa, fainali iwe hivyo hivyo.

Wanatuita. Nikijikaza niache kulia, Komba anatulia, na komenti zinaanza kuuliza amepatwa na nini. Leso iko hapa kando ya kibodi. Sijaigusa.