Upande Uliopangiwa

6 Februari

Kwako Baba Chiriku,

Mwanao sasa hivi amempima paka wa jirani kwa futi yangu ya kushonea, kuanzia puani mpaka mkiani, kisha akaja kuniambia kwa sauti ya mtu mzima, "Mama, huyu suruali yake tuongeze kitambaa." Paka kavumilia mpaka alipofikiwa kiunoni, ndipo akakimbia na futi yenyewe. Nimecheka mpaka sindano ikanichoma. Kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimekaa kukuandikia kwa hasira.

U mzima huko? Sisi hatujambo. Chiriku alikuwa na kikohozi, kimeisha. Baridi imepungua au bado unalala na soksi? Nimeandika kwa kalamu nikaupiga picha ukurasa kama kawaida yangu, maana nikiandika kwa kidole kwenye simu nasahau ninalotaka kusema, na leo sitaki kusahau.

Jana mama yako alikuja na kaka yako, fundi friji. Nikafurahi, nikawatolea viti, nikabandika chai. Mama hakukaa. Alisimama katikati ya chumba na begi mkononi, anaangalia kitanda, cherehani, meza ya kukatia, jiko pale pembeni, kama mtu aliyekuja kwenye mnada. Halafu akasema, "Mama Chiriku, mkusanyie mtoto nguo zake. Atakaa kwangu mpaka baba yake amalize masomo. Baada ya hapo tutaona."

Nikadhani ananitania. Nikamwambia, "Basi na mimi nipakie humo humo, mama." Kaka yako akaangalia sakafu.

"Si mimi ninayesema," mama akajibu. "Kasema mwenyewe." Akatoa simu, na ikawa ni sauti yako. Ulikuwa unasema hivi, nayaandika kama yalivyonikaa: "Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukua vizuri kwenye chumba kimoja, kati ya jiko na cherehani, na mama aliyeishia darasa la saba. Kwa bibi yake mzaa baba kuna nafasi, kuna ua, kuna watu wazima. Mapenzi ya mama hatuyakatai. Lakini mapenzi peke yake hayamlei mtoto."

Uliyasema vizuri mno. Nilitaka hata kukupigia makofi, mpaka nikakumbuka anayesemwa ni mimi.

Nimewaomba wanipe nafasi nikuulize. Mama amekubali kwa shingo upande. Kasema mwisho wa mwezi kutakuwa na kikao nyumbani kwake, na baada ya kikao mtoto halali huku. Baba Chiriku, uliyasema hayo? Nijibu kwa neno moja kwanza.

Mkeo,
Mama Chiriku

8 Februari

Mama Chiriku, mke wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za soksi, ambazo bado ziko kazini. Nafurahi kikohozi kimekwisha. Neno moja ulilotaka ni ndiyo. Sasa tafadhali usiweke simu chini, soma na mengine.

Huku nilikokuja kwa huu mpango wa kubadilishana wanafunzi, wanaosoma sheria wana shindano la kesi za kuigiza. Mnapewa kisa cha kutunga, mnapangiwa nani atetee upande upi, kisha mnabishana mbele ya walimu waliovaa majoho ya majaji. Hakuna kuchagua. Mimi nilipangiwa upande wa bibi anayemdai mjukuu. Ningepangiwa upande wa mama, ningemtetea mama mpaka walimu watoe leso. Ndiyo kazi ya wakili.

Wenzangu hapa lugha ya huku wameinyonya kwa mama zao, mimi bado naitafuna. Kwa hiyo hoja zangu nilizifanyia mazoezi kwa Kiswahili kwanza, nikajirekodi. Nikamtumia mama, asikie mwanawe anavyosimama mahakamani. Nilimwandikia chini yake kwamba ni mazoezi, lakini unamjua mama, yeye husikiliza tu, maandishi ya simu anasema yanamuumiza macho.

Mambo ya chumba na cherehani niliyachukua nyumbani kwa sababu mwalimu alituambia hoja iwe na picha. Si wewe niliyekusema. Ni mama wa kwenye kesi. Raundi ile tulishinda.

Tafadhali usigombane na mama. Kisheria hawezi kumchukua mtoto hivi hivi. Nikirudi mwezi wa saba nitaliweka sawa.

Mumeo,
Baba Chiriku

9 Februari

Baba Chiriku,

Salamu. Tu wazima wa mwili.

Huyo mama wa kwenye kesi ana cherehani? Na yeye jiko lake liko pembeni? Na yeye aliacha shule darasa la saba kwa sababu baba yake alisema wasichana wanatosha kujua kusoma? Basi tunafanana sana, ningependa nimjue, tuazimane uzi.

Mimi nashona. Mteja akiniletea kitambaa nikakichukua nikamshonea mtu mwingine, naitwa mwizi, hata kama nguo imependeza na watu wameisifu barabarani. Wewe umechukua chumba changu na darasa langu la saba, ukaenda navyo mbele ya watu, ukashinda. Hukuniomba. Hukuniambia hata baada ya kushinda. Nimekuja kuyasikia kwenye simu ya mama yako, chai ikiwa jikoni inachemka.

Halafu unaniambia mwezi wa saba. Kikao ni mwisho wa mwezi huu. Mama yako ameshanunua kitanda kidogo na chandarua cha rangi ya waridi, kaka yako kaniambia kwa kuninong'oneza. Unasema kisheria hawezi. Hiyo sheria ije basi ikae hapa mlangoni siku anapokuja na begi, maana mimi nitafanya nini, nimvute mtoto mkono huu na bibi yake amvute ule?

Sitaki maelezo tena. Mwambie mama yako, kwa sauti ile ile, kwamba mtoto anakaa na mama yake. Mtumie asikilize, kwa kuwa kusoma hasomi.

Mama Chiriku

18 Februari

Baba Chiriku,

Naona kwenye simu kwamba ukurasa wangu umeufungua. Umeusoma, umenyamaza.

Jana mama yako alimchukua Chiriku "akacheze kidogo." Jioni hakurudi. Nikafunga kazi ya watu nikamfuata. Nikamkuta keshaogeshwa, kavalishwa gauni la kulalia jipya, amekaa juu ya kile kitanda anakula. Nikamwambia twende. Mama akamuuliza, mbele yangu, "Chiriku, wapi kuzuri, hapa au kwa mama?" Mtoto kaangalia chandarua, kaniangalia mimi. Akasema, "Mama alale hapa." Bibi yake akasema amejibu "hapa."

Nimerudi naye usingizini, begani. Njia nzima nilikuwa nakusemesha wewe, wapita njia wakadhani nimechanganyikiwa.

Unanyamaza kwa nani?

Mama Chiriku

19 Februari

Mke wangu,

Nisamehe kimya changu. Nilirekodi mara nyingi nikafuta. Kumwambia mama "hapana" sijawahi, tangu nizaliwe. Alitulea peke yake, akinyoosha kidole tu sisi tushafika. Kubishana mbele ya majaji kumi ni rahisi kuliko kubishana na mama mmoja. Nilikuwa naomba ukikaa kimya na mimi nikikaa kimya, jambo lipite lenyewe. Ulipoandika habari ya kitanda niliona aibu, ya jana imenikosesha hata chakula.

Nimemtumia sasa hivi. Nimesema mtoto anakaa na mama yake, na kwamba ile ya kwanza ilikuwa mazoezi. Nimeisema kwa moyo wangu wote. Mbusu Chiriku.

Mumeo,
Baba Chiriku

22 Februari

Baba Chiriku,

Salamu. Chiriku nimekubusia, kafuta shavu.

Sauti yako mpya imefika. Mama alituita tuisikilize sote, na baba mdogo wako dereva alikuwepo. Sijui nikuambieje. Ulikuwa unakohoa. "Mama, aa, yaani, si kwamba, nilikuwa naomba, kama itawezekana." Mpaka unafika kwa mtoto, baba mdogo alikuwa anaangalia saa.

Mama kazima simu akasema, "Mmesikia? Ile ya kwanza alikuwa anazungumza mwanangu, wakili. Hii kaandikiwa na mtu, na mtu mwenyewe tunamjua." Wote wakanigeukia.

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyo. Ya kupangiwa umeyasema kama maji yanayomiminika, ya kwako mwenyewe umeyatafuna. Mimi ndiye niliyeambiwa sikusoma, lakini siku niliyokuambia nakupenda sikusema "kama itawezekana."

Kikao ni Jumapili. Usipige simu. Nitakwenda mwenyewe.

Mama Chiriku

23 Februari

Mama Chiriku,

Niruhusu nipige angalau wakati wa kufungua kikao. Nitajiandaa vizuri. Au nikuandikie hoja uzisome?

Baba Chiriku

1 Machi

Kwako Baba Chiriku,

Hujambo? Sisi wazima. Hukupiga, asante. Kidogo nilitamani upige ili nikukatie.

Baba mdogo ndiye aliyeongoza kikao, pale sebuleni kwa mama. Begi lilikuwa limeshawekwa karibu na mlango. Akauliza nani aanze. Mama akainuka na ile simu, kidole tayari. Nikasema, "Mama, naomba leo tufanye wanavyofanya kwenye chuo cha mwanao. Kule mtu hasemi la kwake, anapangiwa. Mimi niseme upande wako, wewe useme wangu."

Baba mdogo alicheka mpaka akapaliwa. Mama akasema, "Huyu mtoto ananifanya mdoli wake." Nikajua nimeharibu. Lakini kaka yako, ambaye huwa hana neno, akasema, "Jaribuni, mama. Kama mdogo wangu aliweza kumsema mkewe mwenyewe kwa kupangiwa, tuone na nyinyi yanatokaje."

Nikasimama. Nikasema: mimi nimelea watoto wawili peke yangu tangu mume wangu afariki. Mmoja kutwa yuko ndani ya mafriji ya watu, mwingine kavuka mipaka kwenda kusoma. Nyumba yangu ina vyumba vinne na napikia kisufuria kidogo. Redio naiwasha nisikie mtu anaongea, habari zenyewe sizifuati. Nikimpata mjukuu wa kunisumbua, nitaamka nikiwa na pa kuanzia. Ndiyo maana mwanangu aliposema mtoto aletwe, niliyapokea maneno yake kwa mikono miwili, sikuuliza kama ni ya kweli au ya mazoezi.

Mama hakuniangalia. Alikuwa anasugua kidole cha gumba. Nikakaa.

"Zamu yako, shemeji," baba mdogo akamwambia.

"Msinichezee."

"Mtoto wa watu kasema yako, na kayasema vizuri."

Akainuka kwa kushika kiti. "Mimi," akasema, "ni mshonaji." Akalitazama begi. "Nina chumba kimoja. Kidogo, lakini kinafagiwa." Akavuta kiti kama anayetaka kukaa, nikadhani amemaliza. "Mtoto wangu akikohoa, ninaamka kabla hajakohoa mara ya pili. Nilimzaa kwa tabu, mama mkwe wangu mwenyewe alikuwepo akanishika mkono. Halafu siku moja huyo huyo mama mkwe anakuja na begi." Hapo akamgeukia baba mdogo kwa hasira ya kweli. "Siendelei. Mmenitega. Nitasemaje maneno haya kisha niondoke na mtoto wa mwenzangu?"

Hakuna aliyepiga makofi. Kaka yako akaenda akalisogeza begi nyuma ya mlango.

Chiriku anabaki kwangu. Mama amesema atakuwa anamfuata siku anayotaka, na mtu asimpangie ratiba. Nimemwambia kitanda kile kisiondolewe. Mimi naye hatujakumbatiana, usidhani. Alinipa chai bila sukari nikainywa.

Sasa wewe. Usifikiri mtoto kubaki ndiyo mambo yetu yamekwisha. Bado nina hasira, nikishona naisikia kwenye mguu, naukanyaga mtambo kama unanidai. Umeniambia mara ngapi hiyo ndiyo kazi ya wakili. Sawa, ifanye, ndiyo iliyokupeleka huko, na mimi bado nawaambia wateja kwa kujisifu kwamba mume wangu anasoma sheria. Lakini siku moja utasimama mbele ya jaji wa kweli, na mwanamke wa kweli atakuwa amekaa kwenye benchi, na wewe utakuwa umepangiwa kumpinga. Kabla hujafungua mdomo nataka umtazame usoni, umtazame mpaka ujue kwamba huyu, ngoja, mama yako huyo mlangoni, anarudi na Chiriku mgongoni kutoka dukani, ananiita nimpokee kabla hajaanguka, nakuja mama, nakuja, nilikuwa namwambia mwanao kwamba huyu mwanamke si picha ya kupambia hoja.